Hii Usimsomee Bibi

Jumapili, 7 Februari 1993

Kikao cha kwanza cha kamati kimefanyika leo sebuleni kwangu hapa Tabata, baada ya misa. Kamati yenyewe ni watu watatu: mjomba Polikarpo, aliyekuja kutoka Tanga kupimwa macho, Alfonsi, mtoto wa mama yangu mdogo, anayechonga vinyago Mwenge, na mimi. Alfonsi amekuwa mwenyekiti kwa sababu anapenda kusema. Mimi nimekuwa katibu kwa sababu nina mwandiko mzuri, na hilo halina mpinzani katika ukoo huu. Mjomba hakupewa cheo. Mjomba ni mjomba.

Ajenda ni moja: ukoo wote wa Bibi Margareta ukutane Dar es Salaam wiki ya Sabasaba. Tumetawanyika mno. Wapo walioishia Tanga kwenye mkonge, wapo Mtwara mjini, wapo nyumbani Newala, na sisi wa hapa. Watoto wetu wakigongana barabarani watatukanana bila kujua kwamba ni ndugu. Alfonsi akasema Dar ndiyo katikati, na watu wa nyumbani nao waje waone ghorofa, waone Maonyesho, wale koni ufukweni kama binadamu wengine.

Mjomba alisema neno moja tu. "Mama awepo. Bila mama, tutakuwa abiria tuliokutana stendi."

Nikaandika kwenye kumbukumbu: Bibi awepo. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga na mstari chini yake.

Daftari hili ni la mahudhurio, nimelitoa kazini. Recho, mke wangu, anasema mtu mzima kuandika habari za kila siku ni kujisengenya mwenyewe. Basi na nijisengenye.

Jumatano, 10 Februari

Joto. Maji hayajatoka siku ya nne.

Jumamosi, 20 Februari

Leo nimefanya jambo ambalo sipendi kuliandika, kwa hiyo naliandika.

Nilikuwa nimekaa kijiweni na vijana wa mtaa, karibu na gereji, tukibishana mambo ya mpira. Akapita bibi mmoja wa Kimakonde amejitwisha mzigo wa muhogo. Alikuwa amevaa ndonya, kile kipande cha duara cha mpingo kinachopachikwa kwenye mdomo wa juu, kama walivyovaa bibi zetu wote zamani. Kijana mmoja akapaza sauti, "Oya, mpisheni bibi, kaja na sahani yake kabisa!" Wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Wala halikuwa tabasamu la kuwaridhisha wenzangu. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yule bibi hakugeuka.

Bibi yangu Margareta anavaa ndonya. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, mama alipofariki. Nilikuwa nikikaa mapajani kwake nikiigonga ile ndonya kwa kidole, naye akijifanya anataka kuniuma mkono, tunacheka wote wawili mpaka majirani wanauliza kuna nini. Aliniita "mume wangu", kama bibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na nilipokwenda kuanza kazi Dar alinitania kwamba nimemwacha mjane.

Recho hajui habari ya ndonya. Yeye ni mtu wa Songea, tumekutana hapa hapa mjini, na katika miaka tisa ya ndoa hajafika Newala hata mara moja. Kila likizo ikikaribia nasema barabara imekatika, na kila mara barabara imekatika kweli. Alipouliza Bibi ni mtu wa namna gani, nilimwambia ni mama wa misheni, amebatizwa, anasali rozari. Hilo nalo ni kweli. Ndivyo ninavyodanganya mimi, kwa mambo ya kweli matupu.

Jumapili, 28 Februari

Recho ameshapanga vitanda. Bibi atalala chumbani kwetu, sisi tutalala sebuleni na watoto. Ananiuliza Bibi anapenda kula nini, anaumwa nini, anatumia chai ya maziwa au ya rangi. Namjibu kama shahidi mahakamani.

Zubeda, jirani yetu anayekaanga vitumbua barazani kwake, naye amejipa kazi. Ni mzaliwa wa Dar, babu zake na babu wa babu zake, na anaamini mgeni akiingia mtaani bila yeye kumpikia ni aibu ya mtaa. "Baba Agripina, pilau ya siku hiyo niachieni mie. Na bibi yenu akishafika tu, kwanza mleteni kwangu nimwamkie. Nyie mnakaa na watu wazima wenu kama siri!"

Nikamwona Bibi kwenye ile baraza, mchana kweupe, na watu wa vitumbua wamepanga foleni. Nikasema asante sana, mama, nikaingia ndani.

Jumapili, 14 Machi

Mvua za masika zimeanza. Nimeandika barua ya kwenda nyumbani.

Barua ya kamati ina kurasa mbili: tarehe, majina, nani alale wapi, na kwamba waje kwa meli ya kutoka Mtwara kwa kuwa barabara haitakuwa imepona. Nimeielekeza kwa Adelard, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni mwalimu pale kijijini. Bibi hajui kusoma. Barua zake zote husomwa na Adelard, naye ni mtu mwenye akili. Penye msiba hupapunguza, penye matusi hupapita.

Halafu nikachukua karatasi nyingine ndogo. Katibu mzuri huweka nakala, kwa hiyo hii hapa:

"Ndugu Adelard, hii ni yako peke yako, usimsomee Bibi. Nakuomba utafute namna abaki nyumbani. Mwambie meli haichukui wazee bila cheti cha daktari, au lolote utakaloona. Wewe na mimi tumeuzoea ule mdomo, lakini hapa mjini utakuwa sinema ya mtaa mzima, na wageni mkishaondoka ni mimi nitakayebaki naishi na hawa watu. Mwambie nitakuja kumwona Desemba. V."

Nikaikunja, nikaiweka ndani ya ile ya kamati, nikagundisha bahasha. Recho akapita akasema, "Mwambie Bibi namsalimu sana." Nikamwambia nimeshaandika.

Alhamisi, 25 Machi

Mvua.

Ijumaa, 2 Aprili

Mvua. Shimo la choo cha nyumba ya nyuma limefurika. Kazini wanasema shirika litauzwa, lakini wanasema hivyo kila mvua ikinyesha.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Padri amehubiri habari za Petro kumkana bwana wake. Nikatazama viatu vyangu. Vilikuwa na matope.

Jumapili, 18 Aprili

Kikao cha pili. Mjomba yuko Tanga, tulikuwa mimi na Alfonsi. Zamani nilimwona Alfonsi mtu wa kelele tu. Hata leo alikuja na kelele zake: kwamba ametafuta basi la kuwapeleka wote Sabasaba, kwamba atamkodia Bibi kiti chenye mto.

"Akishuka melini namweka mgongoni, braza. Namzungusha Mwenge nzima. Wazungu wananunua sura yake kwenye mpingo kila siku, wacha waione yenyewe!"

"Watu watacheka," nikasema.

"Nani acheke? Mie nimejenga nyumba kwa ile sura." Akanitazama. "Barua ya nyumbani imejibiwa?"

"Bado. Mvua."

Alinitia hasira, na sijui kwa nini nasema sijui.

Alhamisi, 6 Mei

Barua ya Adelard imefika ofisini leo. Nimeisoma nimesimama, kisha nimeisoma nimekaa. Nanakili sehemu yake, kwa sababu nikisema kwa maneno yangu nitajipunguzia.

"Mimi sikuwepo. Nilikuwa Masasi mwezi mzima kwenye mafunzo ya walimu. Barua yako ilipokelewa na Projestus, katekista. Unamjua Projestus. Anasoma barua kama anavyosoma somo la Jumapili: anasimama, anaanzia kwenye anuani, hakai mpaka amefika kwenye sahihi, na haruki hata nukta. Bibi alikuwa amewaita watu waje kusikia habari za safari, wote waliopangwa kuja na majirani. Alisoma ile ya kamati, wakapiga vigelegele. Kisha akafungua ile karatasi ndogo. Akasoma kwa sauti ile ile, 'hii ni yako peke yako, usimsomee Bibi.' Akaendelea. Wanasema alipofika kwenye 'sinema' alipunguza mwendo, lakini hakuacha. Nilipomwuliza baadaye kwa nini hakuacha, alisema si kazi yake kuchagua maneno ya watu. Bibi alimshukuru kwa kusoma vizuri. Akawauliza watu kama kuna anayetaka maji. Venance, mimi ningekuficha. Sikuwepo."

Nimetoka kazini mapema nikasema naumwa tumbo. Nimetembea kutoka Buguruni mpaka hapa kwa miguu, na mvua ikaninyeshea yote. Njiani nilimlaani Projestus. Nilimlaani kwa miwani yake, kwa koti lake, kwa kusimama kwake. Nilipofika kwenye reli nikawa nimemaliza kumlaani, na hakuna aliyebaki ila mimi. Maneno yale ni yangu. Hakuongeza hata moja.

Kinachoniua ni yale maji. Kwamba amesikia nilivyomwita, mbele ya watu wake wote, halafu akawaza kama wageni wana kiu.

Ijumaa, 7 Mei

Nimempa Recho barua ya Adelard na nakala ya ile karatasi. Alisoma zote mbili akiwa amekaa kitandani. Kisha akasema, "Kwa hiyo ana ndonya."

"Ndiyo."

"Ndiyo hiyo tu? Miaka tisa nafikiri huko kwenu kuna mchawi."

Nikataka kucheka, hakucheka yeye. Akainua ile karatasi. "Aliyekulea. Ukamwandikia kwa mwandiko huu mzuri."

Amelala akiwa amenipa mgongo, na nilikuwa na haki ya kupewa mgongo.

Jumapili, 16 Mei

Nimeandika barua ya kumwomba Bibi radhi. Nimeandika mara nne. Kila nikifika katikati namsikia Projestus: "Bibi, nimekukosea, nilikuonea aibu." Mbele ya watu ishirini, kwa sauti ya kanisani. Nikasema nimtumie Adelard. Adelard naye amerudi Masasi mpaka katikati ya Juni.

Barua zote nne nimezichana. Mtu mwenye moyo angeituma hata moja, isomwe, isikike na hiyo kama ilivyosikika ile nyingine. Aliposomewa matusi alivumilia mbele ya watu, na mimi siwezi kuvumilia radhi yangu isomwe nikiwa sipo hata hapo.

Jumanne, 25 Mei

Mvua zimepungua. Zubeda kauliza bibi anakuja lini. Nimesema bado hatujui.

Ijumaa, 4 Juni

Barua kutoka kwa Bibi. Mwandishi ni Projestus, na jinsi anavyosoma ndivyo anavyoandika.

"Bibi anasema nimwandikie Venance. Bibi anasema yeye hajambo, ni kifua tu. Bibi anasema barua yako imesomwa yote na ameielewa. Hapa Bibi amenyamaza. Bibi anasema kuhusu cheti, amemwuliza mganga wa zahanati, mganga hakijui. Bibi anasema meli atapanda, kwa kuwa anataka kuwaona watoto wake na watoto wa watoto wake wamekaa mahali pamoja, na hajui kama watakaa tena hivyo akiwa hai. Bibi anasema Venance asiwe na wasiwasi juu ya majirani, jambo hilo amekwisha kulishughulikia yeye mwenyewe. Nimemwuliza kama na hilo niandike, akasema andika. Bibi anamsalimu Recho. Mimi mwandishi, Projestus, Katekista."

"Amelishughulikia vipi?" Recho akauliza.

"Sijui."

Kweli sijui. Ila niseme hapa, kwa sababu hapa hapasomwi na Projestus: niliposoma mstari ule, kitu ndani yangu kilishusha pumzi. Nikajichukia papo hapo, lakini pumzi ilikuwa imeshashuka.

Jumamosi, 19 Juni

Kamati imekutana. Wageni ni thelathini na saba. Alfonsi amepata turubai, viti na mpiga picha. Nimesoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Zikathibitishwa.

Jumanne, 29 Juni

Wamefika.

Tulikuwa bandarini tangu saa moja asubuhi, mimi, Recho na Alfonsi. Watu wa nyumbani waliteremka na vikapu, kuku wawili, gunia la korosho. Niliwahesabu kwa macho na nikatambua jambo ambalo sijui kwa nini sikulifikiria mapema: hawa ndio waliokuwepo siku barua inasomwa. Wote. Walinipa mkono mmoja mmoja, shikamoo kaka, hujambo mjomba, habari za siku nyingi. Hakuna aliyenibeza kwa jicho wala kwa neno. Kwetu watu wakikukasirikia hukutania mpaka ukimbie. Leo hawakunitania hata kidogo.

Bibi alishuka mwisho, ameshikwa mkono na Adelard. Alikuwa amejitanda kanga mbili. Moja imefunika kichwa mpaka kwenye nyusi, ya pili imepita juu ya pua na kuangukia kifuani. Yanaonekana macho tu. Amekuwa mdogo, Bibi. Nilipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya bandari.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Katibu. Hujambo?"

Sauti yake ilitoka imefifia nyuma ya kitambaa. Nilingoja aseme ile "mume wangu". Alikuwa ameshamgeukia Recho, amemshika mashavu yote mawili, akimwuliza watoto wanaendeleaje.

Alfonsi hakuelewa. "Bibi, baridi? Dar hii na baridi wapi na wapi?"

"Upepo wa meli," Bibi akasema.

Jumatano, 30 Juni

Zubeda amekuja kumwamkia. Amekaa naye mkekani saa nzima. Alipotoka akanishika mkono uwanjani.

"Baba Agripina, bibi yenu kajaliwa staha! Kajistiri utasema mke wa shehe. Watu wazima wa siku hizi wa namna ile wako wapi? Mtaa mzima wanamsifu."

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka tangu Februari. Hakuna aliyecheka. Hakuna sinema. Nimepewa nilichoomba, kimekunjwa vizuri, na siwezi kukimeza.

Bibi hali mbele za watu. Recho humpelekea chakula chumbani na kufunga mlango. Nilimwuliza Recho anakulaje. Akasema, "Anageukia ukutani." Nikauliza kama ameuona uso wake. "Mimi sikuuliza," akasema. "Ni wa kwake."

Alhamisi, 1 Julai

Alfonsi ameambiwa na watu wa nyumbani. Alikuja kazini kwangu mchana, akasimama mlangoni mwa bohari na vumbi la mpingo kwenye nywele.

"Braza, ni we uliandika?"

"Ni mimi."

Nilijiandaa kwa kelele. Nilizihitaji hizo kelele. Akatikisa kichwa mara moja akaondoka, na mwenzangu wa meza ya pili akauliza yule fundi alikuwa anataka nini.

Jumamosi, 3 Julai

Mkutano umefanyika leo, na nitaandika mpaka mwisho.

Turubai lilifungwa uwanjani kati ya nyumba yetu na ya Zubeda. Pilau ya Zubeda ilitosha na ikabaki. Mjomba Polikarpo alifungua kwa sala, kisha ikaja zamu yangu, katibu, kusoma matawi ya ukoo. Kwetu mtu ni wa kwa mama yake, kwa hiyo orodha yote inaanzia kwa mtu mmoja. Nilisoma: Margareta alizaa sita. Nilisoma watoto wa mabinti zake, nikasoma watoto wao, kila anayetajwa anasimama, anaonekana, anakaa. Mabinamu wa Tanga na wa Newala wakaonana kwa mara ya kwanza. Kuna wawili waliofanana mpaka watu wakapiga makofi. Niliposoma jina langu nilisimama nikakaa haraka. Bibi alikuwa kwenye kiti chenye mto, katikati, kanga puani, akifuata kila jina kwa macho. Nadhani alikuwa na furaha. Nasema nadhani kwa sababu furaha ya Bibi mimi nimezoea kuiona mdomoni.

Kisha mpiga picha akatupanga. Warefu nyuma, watoto chini, Bibi katikati. Ni kijana wa studio ya barabarani, hajui lolote. Akachungulia kwenye kamera, akainua kichwa.

"Bibi, samahani, shusha kanga kidogo tupate sura."

Watu wote wakaacha kujipanga. Hata watoto. Mjomba akatazama chini. Bibi akageuka polepole mpaka akanipata nilipo, pembeni, na daftari langu mkononi.

"Katibu," akasema, "nifunue?"

Hakusema kwa kejeli. Kejeli ningeijua. Aliuliza kama mgeni anavyomwuliza mwenye nyumba kama aweke viatu nje.

Nilitoka kwenye mstari nikaenda kupiga magoti mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mei, barua nne nzima, na hata moja halikuja. Nikasema, "Funua, Bibi. Nilikosea. Nilikuonea aibu mbele ya watu ambao hata hawajaniuliza. Waache wakuone. Funua." Nilisema kwa sauti, watu wote wakasikia, na Zubeda na wanawake wa sufuria wakasikia. Nikawa nalia, mtu mzima, na kamera imenielekea.

Aliniinamia mpaka kanga yake ikanifunika na mimi. Ndani ya ile kanga akashusha kitambaa, nikaona mimi peke yangu.

Ndonya haipo. Mdomo wa juu umelegea, unaning'inia mtupu, na tundu liko wazi hata fizi inaonekana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu ila hicho. Niliishi na ule uso miaka kumi na tano na sikuwahi kuuona bila ndonya, kwa sababu hata usiku alilala nayo.

"Iko wapi?" nikanong'ona.

"Nimeizika."

"Wapi, Bibi?"

"Kwenye kaburi la mama yangu. Yeye ndiye aliyenitoboa, nikiwa binti. Nilimrudishia. Nikamwambia wajukuu wa mjini hawaiwezi."

"Tutachimba. Nitakuja mwenyewe, nitachimba. Alfonsi atakuchongea nyingine."

"Mtoto," akasema, na hili neno alilisema kwa upole mno, "mtu hachongewi nyingine. Ile ndiyo niliyoolewa nayo. Ndiyo ningezikwa nayo." Akanifuta uso kwa pindo la kanga. "Nimekusikia ulivyosema. Sina neno na wewe. Lakini mdomo huu hivi ulivyo sasa, mimi mwenyewe sitaki uonekane."

Akajifunika, akakaa sawasawa kwenye kiti. Akamwambia mpiga picha, "Piga, baba."

Nikarudi pembeni kwenye nafasi yangu. Akapiga tatu.

Jumatano, 7 Julai

Wote wamekwenda Maonyesho kwa basi la Alfonsi. Bibi alibaki na Recho, wakichambua mchele. Niliwasikia wakicheka chumbani mara mbili. Sikuingia.

Jumapili, 11 Julai

Meli imeondoka. Aliniwekea mkono kichwani akanibariki kwa Kimakonde, maneno mengi, na mengine nimeyasahau maana yake. Mjomba Polikarpo alinipa mkono. Alfonsi alisimama nami mpaka meli ikapotea.

Alhamisi, 15 Julai

Nimechukua picha studio. Zimetoka safi. Nimeiweka moja mezani, na Zubeda alipokuja kufuata sufuria zake akaichukua akaitazama kwa muda, akitaja majina ya aliowakumbuka.

Akaniuliza bila kuinua macho. Siku ile alikuwa upande wa moto, alisema, alinisikia nalia lakini hakuelewa vizuri nalia nini. "Sie tulidhani ndo desturi yenu, kujifunika. Mbona hawa wengine wote nyuso wazi? Mama mzima mwenye ukoo wake, halafu yeye peke yake ndo hatumwoni."

"Si desturi," nikamwambia. "Nilimwandikia kwamba mtamcheka."

"Nani? Sie?"

"Nyie."

Aliweka picha mezani kwa uangalifu, akakusanya sufuria zake, mbili kubwa na ile ndogo ya kachumbari. Nilitaka kumsaidia kubeba, akasema asante, anaziweza mwenyewe.